Maswali ya wasomaji: Ghala la Chicago, kinu cha Minneapolis

Toleo lililopita tuligusia kwa aya mbili tu jinsi nafaka ya Magharibi ya Kati ya Marekani (Illinois, Iowa, Minnesota, Ohio na majirani zao) ilivyozaa masoko na vinu vikubwa katika karne ya 19. Maswali yamekuja mengi kuliko kurasa tulizo nazo. Yanayofanana tumeyaunganisha.

Mimi ni karani wa ghala la AMCOS (ushirika wa mazao), Mbeya. Mafunzoni tuliambiwa stakabadhi ghalani ilianzia Chicago. Ni kweli? Na wale waliwezaje kuchanganya nafaka za watu mbalimbali bila kugombana?

Stakabadhi yenyewe, ile karatasi ya kuonyesha una nafaka ghalani, ni kongwe kuliko Chicago. Walichofanya Chicago ni kuitenganisha karatasi na gunia la mtu fulani. Kabla ya 1848 ngano nyingi ilisafiri kwa magunia mtoni hadi St. Louis na New Orleans. Gunia liliendelea kuwa mali ya aliyelipeleka hadi linunuliwe, na likizama au likiota njiani, hasara ni yake. Mwaka 1848 Chicago ikapata mambo matatu kwa mpigo: mfereji wa Illinois na Michigan, treni ya kwanza, na Chicago Board of Trade, chama cha wafanyabiashara kilichokuja kuwa soko.

Kitu cha nne kilitoka Buffalo, jimbo la New York. Huko Joseph Dart na mhandisi Robert Dunbar walianza mwaka 1842 kujenga ghala lenye mkanda wa ndoo unaozungushwa na injini ya mvuke. Ndoo zilibeba kama lita 2 tu kila moja, lakini mkanda ulipandisha busheli 1,000 kwa saa, yaani tani 27 za ngano. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya mabega ya wapagazi. Ghala la namna hii tuliite elevata.

Sasa, elevata haitaki magunia, inataka nafaka iliyomwagwa. Na nafaka ikishamwagwa, kumtengea kila mkulima kihenge chake ni kuacha nusu ya ghala tupu. Ndiyo maana mwaka 1856 Board of Trade ikaigawa ngano katika makundi matatu: nyeupe ya majira ya baridi, nyekundu ya majira ya baridi, na ya masika. Ukileta busheli 500 za kundi fulani unapewa karatasi ya busheli 500 za kundi hilo. Siku ya kuzichukua utapewa zozote za kundi hilo, si zilezile ulizoleta.

Mpango huo ukaharibika mapema. Makundi yalitaja aina ya ngano bila kugusa usafi, kwa hiyo aliyepepeta vizuri alilipwa sawa na aliyeleta makapi, na punde kila mtu akaleta makapi. Ndipo madaraja ya namba yakaingia, namba 1, namba 2 na kuendelea hadi ya kukataliwa, pamoja na wakaguzi. Hapo bambo lenu, ule mrija wa kuchomea sampuli, lina kazi ileile mpaka leo: lifike chini na lichome sehemu kadhaa, kwa sababu behewa lenye nafaka safi juu na takataka katikati ni ujanja wa tangu enzi hizo.

Ugomvi haukuisha, ulihamia kwenye mipaka ya madaraja. Chukua viwango vya Marekani vya leo. Mahindi ya njano namba 2 yanaruhusiwa punje zilizovunjika na takataka hadi asilimia 3, namba 3 hadi asilimia 4. Mwenye elevata ananunua tani 50 zenye asilimia 4 kwa bei ya namba 3, anazichanganya na tani 50 zenye asilimia 2, anapata tani 100 za namba 2. Ni halali, na ndipo faida yake nyingi ilipotoka. Mkulima aliyepewa namba 3 alikuwa na haki ya kununa.

Kisha kuna kisa cha Munn na Scott, wenye maghala Chicago. Walitoa karatasi nyingi kuliko nafaka waliyokuwa nayo. Wakaguzi walipokuja mwaka 1872, baadhi ya vihenge vilikuwa vimetandikwa sakafu ya mbao karibu na juu na kumwagiwa nafaka kiasi cha kuficha mbao. Ukichungulia, kimejaa. Kampuni ilianguka mwaka huohuo na wenyewe wakafukuzwa Board of Trade. Jina la Munn ndilo lililobaki kwenye kesi ya Munn dhidi ya Illinois, ambamo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1877 kwamba jimbo lina haki ya kupanga ada ya juu kabisa ya kuhifadhi nafaka.

Kwa karani, funzo ni la vipimo. Usihesabu kwa macho. Shusha kamba yenye uzito katikati na ukingoni, kisha choma bambo refu uone kama linakwenda. Kihenge chenye kipenyo cha mita 6 na mahindi yenye kina cha mita 10 kina mita za ujazo 283 hivi. Zidisha kwa kilo 720 upate kama tani 204. Juu pakiwa na kichuguu, chukua kina cha ukingoni uongeze theluthi moja ya urefu wa kichuguu. Na karatasi iliyorudishwa ichanwe au igongwe muhuri wa kufutwa mbele ya mwenyewe, kabla gunia la kwanza halijatoka. Karatasi iliyolipwa ikabaki hai ni mkopo ambao hakuna aliyeuidhinisha.

Busheli ni nini hasa, na pipa la unga ni kilo ngapi?

Busheli ilikuwa chombo cha ujazo, lita 35 na kidogo, ndugu yake debe. Chombo kina ubaya wa lumbesa: mmoja anakung'uta, mwingine anarundika, wa tatu anakata juu kwa ubao. Chicago ikaacha ujazo mwaka 1854 na kupima kwa mizani. Tangu hapo busheli ya ngano ni ratili 60 (kilo 27.2), ya mahindi ratili 56 (kilo 25.4), ya oti ratili 32 (kilo 14.5). Pipa la unga lilikuwa ratili 196, karibu kilo 89. Ukisoma takwimu za zamani za vinu, usizidishe mapipa kwa 100 kana kwamba ni magunia.

Ushirika wetu unakufa kwa sababu walanguzi huongeza bei siku tunapofungua msimu, wanachama wanawakimbilia, na bei inashuka tena tukishafunga. Huko Marekani wakulima waliwezaje? (Msomaji, Songea)

Walipigwa kwa fimbo hiyohiyo. Kando ya reli kulikuwa na elevata ndogo za kampuni moja zilizopangwa kituo hadi kituo. Kampuni yenye vituo vingi iliweza kununua kwa hasara kituo kimoja huku ikifidia kwingine. William Wallace Cargill, mwanzilishi wa kampuni ya nafaka ya Cargill, alianza mwaka 1865 na ghala moja Conover, Iowa, mahali reli ilipokuwa inaishia. Kuweka ghala mwisho wa reli kulikuwa na akili: mikokoteni yote ya nyuma ya hapo haina pengine pa kwenda.

Ushirika wa Rockwell, Iowa, ulioanzishwa mwaka 1889, ulipata dawa katika katiba yake. Mwanachama alikuwa huru kumuuzia yeyote, lakini kwa kila busheli aliyouza nje alilipa ushirika ada ileile ambayo angelipa kama angeuzia ndani. Mlanguzi akipandisha bei, sawa, mkulima ale hiyo senti ya ziada, lakini mshahara wa karani na mafuta ya injini vinalipwa. Kadiri walanguzi walivyonunua kwa hasara, ndivyo ushirika ulivyopata ada bila kugusa nafaka. Kifungu hiki kinahitaji mambo mawili, na moja likikosekana hakifanyi kazi: makadirio ya mavuno ya kila mwanachama yaandikwe kabla ya msimu, na ada iwe ndogo kiasi kwamba kuikwepa hakuna maana. Mkiandika hivyo kwenu, mpitishieni mrajisi kwanza, kwa sababu sheria za ushirika hutofautiana.

Kununua ngano ambayo haijavunwa ni biashara au kamari? (Msomaji, Eldoret)

Inategemea nani anaishika karatasi ya mkataba. Mkataba wa mapema unaotajwa sana Chicago ni wa tarehe 13 Machi 1851: busheli 3,000 za mahindi, kukabidhiwa Juni, kwa senti moja chini ya bei ya siku ile. Sababu yake ilikuwa barafu na matope. Mahindi yalikaa ghalani mtoni mpaka njia ifunguke, na benki ilitaka kuona bei kabla ya kukopesha. Mwaka 1865 Board of Trade ikaweka kanuni za mikataba ya kufanana, pamoja na dhamana ya fedha. Minneapolis ikaanza mikataba ya ngano yake ya masika mwaka 1883.

Mwenye kinu hufanya hivi. Januari ameahidi kumuuzia mwoka mikate unga wa Mei, bei akiihesabu kwa ngano ya dola 5 busheli. Ngano hana, wala ghala la kuiweka miezi minne hana. Ananunua sokoni mkataba wa Mei, yaani ahadi ya kukabidhiwa ngano mwezi huo kwa bei ya leo, busheli 5,000, kwa dola 5. Aprili ngano imefika 5.80. Ngano halisi inamuuma senti 80, mkataba alioushika umempa karibu senti 80, na anaufunga kwa kuuuza tena. Bei ikishuka mambo yanageuka na bado anabaki palepale. Anachobaki nacho ni tofauti kati ya bei ya mlangoni kwake na ya sokoni, ambayo huyumba kwa kiasi kidogo.

Kinachowaangusha wengi ni fedha taslimu. Bei ikishuka senti 10, kila mkataba unadaiwa dola 500 siku ileile, wakati mwoka mikate atalipa Juni. Hesabu ya kinu ni sahihi, lakini mfuko mtupu.

Kamari ipo pia. Septemba 1888 Benjamin Hutchinson alihodhi ngano ya Chicago na kuipandisha hadi dola 2. Joseph Leiter alijaribu 1897 na 1898. Philip Armour, aliyedaiwa ngano asiyokuwa nayo, akakodi meli za kuvunja barafu ziwani akaileta, na Leiter akapoteza mamilioni.

Kwa nini vinu vya Minneapolis vilishinda vingine vyote, na mbona kimojawapo kililipuka? Nina kinu cha ngano Arusha, nataka kujua na ya kwangu.

Ngano ya Minnesota ilikuwa mbaya kwanza. Baridi kali iliua ngano ya kupandwa vuli, kwa hiyo walipanda ya masika, ambayo punje yake ni ngumu na ganda lake linavunjika ovyo. Mawe ya kusagia ya zamani yalibanwa karibu na kuzungushwa kasi. Ganda lilisagika pamoja na unga, joto likaamsha mafuta ya kiini, na unga ukatoka wa kijivu usiokaa. Bei yake ilikuwa chini ya unga wa St. Louis.

Mnamo 1870 na 1871, Edmund La Croix alitengeneza mashine ya kusafisha chenga katika kinu cha Cadwallader Washburn kilichosimamiwa na George Christian. Chenga ni vile vipande vya ndani ya punje visivyokuwa unga bado, na ndivyo vyenye utomvu mwingi wa kuvuta mkate. Mawe yakaachanishwa na kupunguzwa kasi ili yatoe chenga nyingi badala ya unga. Chekeche ikazitikisa, upepo ukapita kutoka chini ukinyanyua maganda mepesi, na chenga safi zikasagwa upya. Ghafla unga wa ngano mbaya ukawa wa bei juu. Muongo uliofuata rola za chuma, ambazo wasagaji wa Budapest walikuwa wamezizoea, zikachukua nafasi ya mawe. Pillsbury A, cha 1881, kilikuwa kinu kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo. Jiji likaongoza Marekani kwa unga toka 1880 hadi Buffalo ilipolipita mwaka 1930.

Lakini ule upepo wa kusafisha chenga ulipuliza vumbi ndani ya chumba. Jioni ya tarehe 2 Mei 1878 kinu cha Washburn A kililipuka, na vinu jirani vya Diamond na Humboldt vikafuata. Watu 18 walikufa, 14 wakiwa zamu ya usiku ndani ya Washburn A. Uchunguzi ulielekeza kwenye mawe yaliyokuwa yanazunguka bila nafaka katikati: jiwe kwa jiwe, cheche, vumbi. Kilipojengwa upya mwaka 1880, mhandisi William de la Barre alikiwekea mfumo wa kunyonya vumbi.

Sasa kwako. Mlipuko unataka vitu vitano pamoja: vumbi, hewa, vumbi hilo kuwa limepeperuka, moto, na chumba kilichofungwa. Mlipuko wa kwanza mara nyingi ni mdogo, ndani ya mashine. Unatikisa jengo, vumbi lililolala juu ya boriti linaanguka lote, na wa pili ndio unaobomoa kuta. Kwa hiyo pangusa boriti kabla ya sakafu. Sheria ya Marekani ya 1987 inataka vumbi liondolewe likifika unene wa milimita 3.2 sehemu za hatari, na huo ni unene wa sarafu mbili hivi. Usilipulize kwa kompresa, lifagie au linyonye. Weka sumaku kabla ya rola, kwa sababu msumari mmoja unatosha. Kwenye elevata ya ndoo gusa kifuniko cha beringi kila zamu. Mkanda ukikwaruza pembeni au ukiteleza juu ya puli, simamisha mashine kwanza, maelezo baadaye. Na fundi wa kuchomelea asiwashe chochote mpaka mashine isimame na eneo lisafishwe.

Kuhusu ubora, kosa tunaloliona zaidi ni kuruka kulowesha. Ngano ngumu ifikishe unyevu wa asilimia 16 na uiache saa 16 hadi 24. Maji ya kuongeza kwa kilo 1,000 zenye asilimia 12: toa 12 kwenye 16 upate 4, zidisha kwa 1,000, gawa kwa 84 (yaani 100 ukitoa 16). Lita 47 na nusu hivi. Ukifupisha muda, ganda linabaki kavu, linapasuka na unga unakuwa na madoa. Ukizidisha maji, chekeche zinaziba. Rola za kupasua ziwe na mifereji, moja ikizunguka mara 2.5 ya mwenzake. Rola laini za mwisho zinatosha mara 1.25. Ukiona maganda yanatoka vipande vidogo kama msasa badala ya mapana, usibane rola, rudi kwenye maji.

Niko Cedar Rapids, Iowa, nilitoka Bukavu. Ile minara ya zege ya nafaka, kwa nini ni ya duara? Na harufu ya oti mjini inatoka wapi?

Elevata za kwanza zilikuwa za mbao zilizolazwa na kupigiliwa misumari, na ziliungua kila mara. Mwaka 1899 Frank Peavey, mfanyabiashara wa nafaka, na mjenzi Charles Haglin walijenga mnara wa majaribio wa zege St. Louis Park, Minnesota, kipenyo mita 6, na mwaka uliofuata wakaupandisha hadi mita 38 hivi. Watu waliuita ujinga wa Peavey na kungoja upasuke ukifunguliwa. Haukupasuka, na upo hadi leo. Duara inabeba msukumo wa nafaka sawasawa pande zote, na nondo za mviringo zinaushika kama pete za pipa. Ukuta wa mraba hubinuka katikati. Tena msukumo hauongezeki bila kikomo kama wa maji. Mhandisi Mjerumani Janssen alionyesha mwaka 1895 kwamba msuguano wa ukuta hubeba sehemu ya uzito. Ndiyo sababu kufungua mlango wa pembeni ni hatari: nafaka huteremka upande mmoja, msukumo unakosa usawa na ukuta unapata nyufa. Kama kazi yako iko huko, usiingie kamwe ndani nafaka ikitolewa chini. Inakumeza chini ya nusu dakika, na ikishafika kiunoni mwenzako hawezi kukuvuta kwa mikono.

Harufu ni ya oti inayopikwa kwa mvuke na kukaushwa kwa joto. Oti ina mafuta mengi pamoja na kimeng'enya kinachoyachachusha. Punje ikishakobolewa bila kupata joto, inakuwa chungu ndani ya siku chache. Biashara hiyo ilikuzwa Ohio na Ferdinand Schumacher, mhamiaji Mjerumani wa Akron, na mshindani wake Henry Crowell wa Ravenna, kisha wakaungana na wasagaji wa Cedar Rapids. Kampuni ya Quaker Oats iliundwa mwaka 1901.

Wazee wanasema unga wa msaada wa zamani ulikuwa wa njano, wakauita Yanga. Kwa nini njano, na mbona unga wa Marekani unakaa kuliko dona letu?

Njano kwa sababu ndiyo mahindi wanayolima kwa wingi, hasa ya kulisha mifugo na viwanda. Meupe wanalima kidogo, kwa mkataba. Rangi si ugonjwa, ni karotenoidi, rangi ya asili ya mimea.

Kukaa ni habari ya kiini. Kiini ni kama asilimia 11 ya punje lakini kina sehemu kubwa sana ya mafuta yake. Mashine za kutoa kiini zilizoenea Magharibi ya Kati, zikiwemo za Beall wa Decatur, Illinois, hulowesha mahindi mpaka kama asilimia 20, huyasugua kwenye koni yenye vinundu ili ganda na kiini vibanduke, kisha hukausha na kusaga. Ni jamaa wa sembe yetu. Dona linabaki na mafuta yote, kwa hiyo saga la wiki mbili, si la mwezi, na mahindi yawe chini ya asilimia 13.5 ya unyevu kabla hayajafika kinuni.